Kilatini: lugha iliyokufa ambayo bado inatudai minerval

Kila mwaka, mwezi wa tisa unapokaribia, wazazi wengi wa Kongo wanaulizana swali lile lile: mtoto anaingia humanités, tumpeleke seksheni gani? Mmoja anasema Pédagogie, maana walimu wanatafutwa kila kijiji. Mwingine anasema Commerciale, au Biochimie kwa yule anayeota kuwa daktari. Kisha kijana mwenyewe anasema kwa sauti ndogo: «Mimi napenda Latin-Philo.» Hapo nyumba nzima inacheka. Kilatini! Atakizungumza na nani? Lugha ya watu waliokufa zamani, na tena, wengine wanaongeza, si ni lugha ya mapadri?

Tuzungumze kidogo juu ya lugha hiyo, wapendwa wasomaji, kwa sababu kicheko kile kinaficha mambo mengi. Mzazi anayecheka amekwisha kutumia Kilatini mara kadhaa siku ile ile bila kujua.

Tuanze na neno linalomwumiza kichwa kila baba na kila mama: minerval. Pesa tunazolipa shuleni tunaziita hivyo, kama Wabelgiji walivyotufundisha. Minerva alikuwa mungu wa kike wa Warumi, mungu wa hekima na wa kazi za ufundi. Katika sikukuu yake, mwezi wa tatu, wanafunzi wa Roma walimpelekea mwalimu malipo yake, na malipo hayo yaliitwa minerval. Kwa hiyo mtoto akifukuzwa darasani kwa kukosa minerval, ni neno la miaka zaidi ya 2000 linalomrudisha nyumbani.

Tukienda ofisini, tunakuta mkurugenzi a.i., maana yake ad interim, «kwa muda huu wa katikati». Wengine wanakaa katikati hiyo miaka mingi, lakini neno lenyewe halina kosa. Katika mikutano ya kanisa tunauliza kama quorum imetimia. Neno hilo maana yake ni «ambao miongoni mwao», na lilitoka katika barua za kale za Uingereza zilizotaja mahakimu ambao miongoni mwao lazima mmoja awepo ili kikao kiwe halali. Kwenye chuo kikuu tunasema campus, yaani uwanja. Tunaomba visa, yaani «vilivyoonekana», kwa sababu ofisa amekwisha kuyaona makaratasi yako.

Na kuna neno moja la mahakamani ambalo ningependa kila shemasi alijue: pro deo. Mtu asiye na pesa anaweza kupata avocat wa kumtetea bila malipo, na kazi hiyo inaitwa hivyo. Wapo wanaodhani kwamba Prodeo ni jina la avocat mwenyewe, au la shirika fulani la wazungu, basi hawathubutu kuuliza. Maana yake ni «kwa ajili ya Mungu». Zamani kesi ya maskini ilishughulikiwa bure, kwa ajili ya Mungu, na jina likabaki. Mama mjane anayenyang'anywa kiwanja na ndugu za marehemu mume wake, akijua maneno haya mawili tu ya Kilatini, anajua mlango wa kugonga.

Shambani nako Kilatini kimetangulia. Wataalamu wa mimea na wanyama wanavipa vitu vyote majina ya namna moja, ili mtu wa Butembo na mtu wa Brazili waelewane. Muhogo wetu unaitwa Manihot esculenta. Neno la kwanza lilitoka kwa wenyeji wa Amerika ya Kusini, la pili ni Kilatini: «unaoliwa». Maharagi ni Phaseolus vulgaris, na vulgaris maana yake ni ya watu wote, ya kawaida. Lishike neno hilo, tutarudi kwake. Vijidudu vya malaria vilivyo vibaya kuliko vyote vinaitwa Plasmodium falciparum, kwa sababu katika hatua moja ya maisha yao vinaonekana chini ya mikroskopu vimepinda kama mundu, na mundu kwa Kilatini ni falx. Daktari aliyesoma maneno hayo kwa kukariri tu anaweza kuyasahau. Aliyejua mundu hasahau.

Kijana anayesoma Latin-Philo anafanya nini basi siku nzima? Anatafsiri. Mwalimu anaandika ubaoni mistari mitano ya Kaisari au ya Cicero, wanafunzi wanafungua kamusi la Gaffiot kama lipo (mara nyingi ni moja tu kwa darasa zima, na kurasa za mwisho zimekwisha kuchanika), na saa moja inapita juu ya sentensi mbili. Ni kazi ya polepole. Kilatini hakipangi maneno kama Kifaransa. Mtendaji anaweza kukaa mwisho na kitenzi kinaweza kungoja mpaka nukta. Kinachomwonyesha msomaji nani amefanya nini ni mkia wa neno. Petrus Paulum videt ni Petro anamwona Paulo. Ukigeuza ukasema Paulum Petrus videt, bado ni Petro anayemwona Paulo, kwa sababu -us ni mkia wa mtendaji na -um ni mkia wa mtendwa. Lakini ukiandika Petrum Paulus videt, sasa Paulo ndiye anayeona. Herufi mbili tu zimehama. Mwanafunzi aliyesoma haraka, akichukua neno la kwanza kuwa mtendaji kama katika Kifaransa, amekwisha kupotea.

Hapa ningependa kuwaambia vijana wetu jambo ambalo walimu wengi hawalisemi. Mtu aliyekua na Kiswahili ana mguu mmoja ndani ya Kilatini tayari. Kifaransa kinahitaji kumtaja mtu mbali na kitenzi: nous aimerons. Kilatini kinasema amabimus, neno moja, na Kiswahili kinasema «tutapenda», neno moja vilevile. Sisi tunaweka nafsi na wakati mbele, wao waliviweka nyuma. Tena tazama sifa. Kwetu tunasema kitabu kizuri, meza nzuri, maneno mazuri, na mtoto mdogo wa Kindu au Kalemie anajua kwamba sifa lazima ifuate ngeli ya jina. Warumi walikuwa na jambo hilo hilo: liber bonus, mensa bona, verbum bonum. Wao walikuwa na aina tatu tu, sisi tuna ngeli zaidi ya kumi. Anayeweza kubeba ngeli za Kiswahili hawezi kushindwa na tatu za Warumi! Kama angefundishwa Kilatini kwa kupitia Kiswahili, badala ya kupita kwanza Kifaransa ambacho nacho kinamsumbua, angefika mapema zaidi.

Jambo hilo la upatanisho linagusa hata kuta za makanisa yetu. Mwisho wa mwezi wa kumi, tunapokumbuka Matengenezo, tunaona mabango na tisheti zenye maneno matano: sola scriptura, sola fide, sola gratia, solus Christus, soli Deo gloria. Mara nyingi fundi wa kuchapa, au mchungaji mwenyewe, anaandika «sola Christus». Kwa Kilatini hilo ni kama kusema «Kristo kizuri». Scriptura, fides na gratia ni majina ya kike, Christus ni la kiume, basi sifa nayo lazima iwe solus. Na si hilo tu. Matatu ya kwanza yana umbo la «kwa»: kwa Maandiko peke yake, kwa imani peke yake, kwa neema peke yake. La nne ni la mtendaji: Kristo peke yake. La tano lina umbo la kupewa: utukufu kwa Mungu peke yake. Tukiyatafsiri yote kama orodha ya majina, «Maandiko, imani, neema, Kristo, utukufu», tunapoteza nusu ya maana, kwa sababu neema na imani hapo si vitu vitano vya kuhesabu kwenye vidole. Ni njia ambayo mtu anaokolewa. (Orodha yenyewe ya matano haikupangwa na Luther wala Calvin. Walifundisha mambo hayo, lakini kuyakusanya namna hii ni kazi ya watu waliokuja nyuma yao sana.)

Sasa kuhusu ile hoja kwamba Kilatini ni lugha ya mapadri.

Fungua Biblia yako ya Kiswahili, Yohana 19:20. Maandishi juu ya msalaba yalikuwa kwa lugha tatu, na moja tafsiri yetu inaiita Kirumi. Hicho ndicho Kilatini. Zile herufi INRI ambazo watu wamezitungia maana nyingi za ajabu ni mwanzo tu wa maneno manne: Iesus Nazarenus Rex Iudaeorum, Yesu Mnazareti Mfalme wa Wayahudi. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, lakini Kilatini kimejaa ndani yake kama chumvi. Legioni ni neno la jeshi la Roma. Praitorio vilevile. Hata jina Kaisari: Warumi wa wakati wa Julius walilitamka kwa k na ai, karibu kabisa kama sisi. Wafaransa wanaosema César ndio walioliharibu.

Na majina ya watu! Mwisho wa barua kwa Warumi, karani aliyeandika kwa mkono wake anaitwa Tertio, na chini yake kuna ndugu anayeitwa Kwarto. Kwa Kilatini ni «wa tatu» na «wa nne». Paulo ni «mdogo». Rufo ni «mwekundu». Akila, mume wa Prisila, ni «tai». Krispo ni «mwenye nywele za kujiviringisha». Na yule Fortunato aliyekwenda kumwona Paulo kutoka Korintho, tungekuwa naye hapa Kivu tungemwita Bahati, maana ndilo jina lake hasa. Ghafla orodha ile ya salamu ambayo wasomaji wengi wanairuka inakuwa orodha ya watu wa mtaani.

Kanisa la Roma lenyewe liliomba na kuandika kwa Kiyunani kwa muda mrefu. Kilatini cha Kikristo kilikomaa mahali pengine, na mahali hapo ni Afrika. Tarehe 17 Julai 180, mjini Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, watu kumi na wawili walisimama mbele ya liwali wa Kirumi aliyeitwa Saturninus: wanaume saba na wanawake watano, kutoka mahali paitwapo Scilli. Maswali na majibu yao yaliandikwa, na maandishi hayo yanahesabiwa kuwa kati ya ya zamani kabisa ya Kikristo kwa Kilatini ambayo tunayo. Liwali alimwuliza Speratus, msemaji wao, ana nini ndani ya sanduku lake. Alikuwa na vitabu na barua za Paulo. Walihukumiwa kifo siku ile ile. Wengi wanaona kwamba watu wa kijijini kama hao walikuwa wanasoma barua hizo kwa Kilatini, yaani tafsiri ilikuwapo tayari, miaka 200 kabla ya ile ya Hieronimo.

Baada yao alikuja Tertuliano, wa Karthago pia. Yeye ndiye wa kwanza tunayemjua kuandika kwa Kilatini neno trinitas juu ya Mungu, na tangu hapo kanisa lote la magharibi likalitumia. Neno sacramentum, lililokuwa kiapo cha askari kwa mkubwa wake, lilipewa kazi mpya katika maandishi ya Waafrika hao. Wakaja Cyprian, aliyeuawa mwaka 258, na Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba Kilatini ni cha wazungu, tumwulize wazungu gani.

Kuna habari moja ya Augustino ambayo inanifurahisha kila mara. Karibu mwaka 400, Hieronimo alikuwa anakaa Bethlehemu akitafsiri Agano la Kale kutoka Kiebrania. Alipofika Yona 4:6, pale Mungu anapootesha mmea wa kumfunika nabii, alibadilisha jina lake. Watu walikuwa wamezoea kusikia cucurbita, yaani boga, na yeye akaandika hedera, mmea mwingine wa kutambaa. Tafsiri hiyo mpya ilisomwa kanisani huko Oea, mji tunaouita leo Tripoli. Watu wakapiga kelele. Wazee walikuwa wamesikia boga tangu utoto wao, na boga lilikuwa limechorwa katika vichwa vyao! Augustino alimwandikia Hieronimo mwaka 403 kumwambia kwamba askofu wa mji ule karibu abaki bila waumini, kwa ajili ya mmea mmoja, na kwamba ilibidi arudishe neno la zamani.

Mtu yeyote aliyehudhuria ibada siku ambayo tafsiri mpya ya Biblia ya Kiswahili ililetwa mahali pa ile ya Kingwana ya wazee anaijua sauti ya kelele ile. (Tafsiri ya Kiswahili cha Muungano ina «mtango» hapo. Watu wa Oea wangeridhika kidogo.)

Tafsiri ya Hieronimo ilianza mwaka 382, Damaso, askofu wa Roma, alipomwomba asahihishe Injili za Kilatini zilizokuwa zinapishana sana. Baadaye iliitwa Vulgata. Hapa turudi kwa maharagi yetu: vulgaris na vulgata ni ndugu, baba yao ni vulgus, watu wa kawaida. Biblia hiyo ilikuwa katika lugha ambayo muuza samaki wa Karthago au wa Roma aliisikia na kuielewa.

Halafu miaka ilipita. Watu wa kawaida waliendelea kuzungumza, na mazungumzo yao yakageuka kuwa Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano. Wajerumani na Waingereza walikuwa na lugha zao tangu zamani. Biblia ya watu wa kawaida ilibaki mahali pake, haikusogea, mpaka ikawa kitabu ambacho watu wa kawaida hawakielewi. Hakuna aliyeifunga siku moja kwa ufunguo. Ilijifunga yenyewe kwa kukaa tu.

Wakati wa Luther, hata wasomi wengi waliisoma kwa Kilatini peke yake, na neno moja likaleta moto. Katika Mathayo 4:17 Kiyunani kinasema metanoeite: geukeni nia. Kilatini kilitumia neno poenitentia, pamoja na kitenzi cha kufanya. Kwa masikio ya karne zile, maana yake ilikuwa kufanya kitubio: kwenda kwa padri, kuungama, kulipa adhabu uliyopewa. Mwaka 1516 Erasmus alichapisha Agano Jipya la Kiyunani na tafsiri yake ya Kilatini pembeni, pamoja na maelezo yaliyoonyesha tofauti hiyo. Mwaka uliofuata Luther aliandika hoja zake 95, na ya kwanza kabisa inahusu neno hilo: Bwana wetu alipotuita kutubu, alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Na hoja hizo aliziandika kwa lugha gani? Kwa Kilatini. Calvin naye alitoa kitabu chake kikubwa cha mafundisho kwa Kilatini kwanza, mwaka 1536, kisha akakiweka yeye mwenyewe katika Kifaransa mwaka 1541. Walikijua Kilatini vizuri, ndiyo sababu waliweza kuona mahali kilipokuwa kimeficha kitu.

Kiswahili, tukiseme kwa shukrani, kinatofautisha mambo haya vizuri. Tuna «kitubio» na tuna «toba», na kitenzi «kutubu» kilitoka katika Kiarabu ambako mzizi wake una maana ya kurudi. Mwinjilisti wa kijijini anayehubiri «rudi» kwa neno «tubu» yuko karibu na manabii wa Kiebrania kuliko walivyokuwa maprofesa wengi wa Paris mwaka 1500.

Nchi ya Augustino iliishia wapi? Katika mashamba ya Hippo, mji wake, kulikuwa na watu waliozungumza Kipuniki, lugha ya wenyeji wa zamani. Augustino aliliona tatizo. Kwa ajili ya mji mdogo wa Fussala alitafuta hasa mtu anayejua lugha hiyo amweke kuwa askofu. (Kijana aliyepatikana, Antoninus, alilijua Kipuniki lakini aliwanyang'anya watu mali zao. Hiyo ni habari nyingine, na inafundisha kwamba lugha peke yake haitoshi.) Lakini hakuna Biblia ya Kipuniki wala ya Kiberberi ya wakati ule iliyotufikia. Kanisa lile liliomba, likahubiri na likagombana kwa Kilatini. Vandali waliiteka Karthago mwaka 439, Waarabu mwaka 698, na polepole Wakristo wakapungua mpaka wakaisha. Misri nayo ilitekwa na Waarabu, lakini Wakopti, waliokuwa na Maandiko katika lugha ya nyumbani kwao, wapo mpaka leo. Sababu zilikuwa nyingi: vita, migawanyiko ya Wakristo wenyewe, kodi. Mimi siwezi kuamini kwamba lugha haikuwa mojawapo.

Na hapa ndipo Kilatini kinapotuhusu sisi Waprotestanti wa Kongo kuliko tunavyofikiri. Tunacheka misa ya zamani, ambapo padri alizungumza na watu wakajibu bila kuelewa. Wakatoliki wenyewe walifungua mlango huo katika mtaguso wao mwaka 1963, na mwaka 1988 maaskofu wa nchi yetu walikubaliwa kutumia utaratibu wa misa wa Zaïre. Sisi je? Sheria za jumuiya zetu zimeandikwa kwa Kifaransa. Procès-verbal ya baraza la kanisa ni kwa Kifaransa. Ripoti ya pesa inasomwa kwa Kifaransa mbele ya akina mama waliotoa hizo pesa kwa kuuza sombe na ndizi, na mwishoni wanaombwa kuinua mikono kukubali. Wanainua. Mchungaji aliyetoka faculté anasema justification na sanctification katika mahubiri, mtafsiri anatokwa jasho, na mwishoni anasema tu «mambo ya wokovu». Muuza sombe yule anakaa mbele ya Kifaransa chetu kama muuza maziwa wa Wittenberg alivyokaa mbele ya Kilatini.

Sisemi tuache Kifaransa. Erasmus na Luther hawakuacha Kilatini. Ninasema kila karatasi inayowafunga watu, au inayogusa pesa zao, isomwe katika lugha ambayo wanaweza kuinuka na kuipinga. Kazi hiyo inahitaji watu waliozoea kutafsiri polepole, wanaojua kwamba mkia wa neno unaweza kumgeuza mtendaji kuwa mtendwa. Mashine haijatuondolea kazi hiyo. Programu za simu zinatafsiri Kilatini, lakini zinaweza kukosea nani amemtenda nani, na ndiyo maana kuna vikundi vya kwaya vyenye maneno ya Kilatini kwenye mashati yao ambayo ni afadhali tusiyaeleze hapa.

Tarehe 11 Februari 2013, Papa Benedikto wa 16 alisoma tangazo kwa Kilatini mbele ya makardinali. Waandishi wa habari walikuwa wanasikiliza kwenye televisheni, wengi wakingoja tafsiri. Mwanamke mmoja wa shirika la habari la Italia, ANSA, jina lake Giovanna Chirri, alikuwa amesoma Kilatini shuleni. Alielewa kwamba papa anajiuzulu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa karibu miaka 600, akatuma habari kabla ya wenzake. Bila shaka hakufikiri, alipokuwa anahangaika na mazoezi ya shuleni, kwamba siku moja yangemtumikia kwa dakika chache namna ile.

Kwa mzazi ninayemzungumzia tangu mwanzo, nitasema wazi. Kama shule iliyo karibu haina mwalimu aliyesomea Kilatini kweli, usimpeleke mtoto huko. Atakariri rosa, rosae miaka minne na hatatafsiri ukurasa mmoja, na Examen d'État itamwonyesha. Kama mwalimu yupo, na mtoto ni mvumilivu anayependa kusoma, usicheke. Chuo cha sheria, cha utabibu, cha theolojia, cha uandishi wa habari, vyote vinampokea.

Na mtu mzima anayetaka kuonja tu, mchungaji, mwalimu wa shule ya Jumapili, au mama anayependa lugha, hahitaji kungoja minerval. Vulgata inapatikana bure kwenye intaneti. Achukue Injili ya Yohana, maana maneno yake ni machache na yanarudi mara nyingi, aweke Kiswahili upande wa kushoto na Kilatini upande wa kulia, asome mistari mitano kwa siku, na daftari la mikia ya maneno liwe karibu. Mlango wa kwanza utamchukua wiki mbili. Atakwama kwenye vitenzi, kila mtu anakwama hapo. Akifika mlango wa 19, kwenye maandishi ya msalabani, ataweza kuyasoma bila kutazama upande wa kushoto.